Gari Kuukuu Huuzwa na Madeni Yake

Dalali aliyenionyesha RAV4 yangu alinisomea sifa ambazo kila mnunuzi wa gari Dar es Salaam amezizoea masikioni: injini haijawahi kufunguliwa, AC safi, tairi nne mpya, kadi orijino, haidaiwi popote, ni kuwasha na kuondoka. Sikumkamata na uongo hata mmoja. Kadi ilikuwa orijino kweli, na TRA hawakuwa na neno nayo. Ila yapo madeni ambayo hayaandikwi kwenye kadi.

Gari kuukuu kama lile limeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja aliahirisha kitu. Mmoja alijiambia kwamba maji ya rejeta atayabadilisha akitoka safari. Mwingine alisikia bushi za nyuma zinagonga, akaona zisubiri ada ya shule ipite. Wa tatu aliona tone la oili sakafuni, akasogeza gari mbele kidogo asilione tena. Siku unapohesabu noti na kukabidhiwa ufunguo, unanunua chuma na kurithi ahadi hizo zote. Miaka niliyokaa na gari lile imenifundisha kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ubovu wa ghafla ni deni la siku nyingi lililofika tarehe yake, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuyaorodhesha madeni hayo kabla hayajamsimamisha barabarani.

Lilikuwa la kizazi cha pili, kilichotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, ambacho mitaani wengi wanakiita Kili Time. Milango mitano, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, magurudumu yote manne yanavuta, na injini ya petroli ya 1AZ-FSE, ile ya D4 inayowafanya baadhi ya mafundi wakune kichwa kabla hawajataja bei. Kizazi cha kwanza cha mwaka 1994 kilikuwa na injini ya 3S, ambayo mafundi wetu wanaifungua na kuifunga bila kuuliza mtu. Hii yangu ilikuwa na cc 1998, na hizo cc mbili pungufu zilikuwa na maana yake: injini ya ukubwa huo, mradi isizidi cc 2000, ilitozwa ushuru wa bidhaa wa 5% tu, iliyozidi hapo 10%.

Ukitaka kujua madeni yanaanzia wapi, fuata safari ya gari tangu kwao. Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wanaouita shaken, una gharama, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Mwenyewe akipiga hesabu ya bushi, tairi na ukaguzi unaofuata, anaona heri auze. Kwa hiyo gari linapopakiwa melini, mara nyingi lina matengenezo ambayo mwenye nalo aliona hayamlipi.

Likishuka bandarini kwetu linakutana na ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa, VAT ya 18%, na kwa viwango vya wakati ule, likiwa limezidi miaka 10 kulikuwa na ushuru wa uchakavu wa 30% juu yake. Kenya walikwepa suala hilo kwa kuweka ukomo wa miaka 8. Kwetu lilipita, mradi ulipe. Matokeo yake ni kwamba mmiliki wa kwanza wa Dar es Salaam anatoka bandarini mfuko ukiwa mtupu. Gari linahitaji oili mpya, maji mapya ya rejeta na plagi. Yeye amebakiwa na hela ya petroli. Anaendesha hivyo hivyo. Baada ya muda anamuuzia mtu mwingine ambaye naye amekusanya akiba yake yote ili alipate, na mchezo unajirudia. Lilipofika kwangu likiwa na namba ya usajili ya C, nilikuwa mtu wa tatu nchini kuliendesha.

Kabla ya kulipa nilimwomba dalali twende Gerezani, kwa fundi mmoja mzee ambaye shemeji yangu alimwamini kwa magari yake yote. Mzee hakuwasha gari. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Mmetoka mbali?"

"Ilala tu hapo, mzee," dalali akajibu.

"Mbona ya moto hivi? Ipoe kwanza. Kijana, tuletee chai."

Tukanywa chai. Dalali akaangalia saa, akapiga simu, akaangalia saa tena. Mzee alizungumza habari za mpira. Boneti ilipopoa kabisa ndipo akafungua kifuniko cha rejeta na kuchovya kidole: maji mekundu ya kutu, hakuna hata dalili ya kulanti. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa na mimi nikinuse. Oili ilikuwa na harufu ya petroli na imepanda juu ya alama ya mwisho. Kisha akaniambia niwashe. Injini iliwaka ikitetemeka, sailensa ikawa inapanda na kushuka, mpaka baada ya dakika chache ikatulia, ikawa laini kama vile haijawahi kuwa na tatizo.

"Umeona, mama? Ingekuja ya moto usingeona kitu."

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namna ya kukagua gari la mtumba namwambia aanze hapo: likute limelala. Muuzaji akikuletea gari nyumbani injini ikiwa imeshapata moto, mshukuru, mkaribishe ndani, mnywe kitu. Mengi ya injini kuukuu hujitokeza katika dakika mbili za mwanzo wakati chuma kingali baridi, na kikishapata moto yanajificha.

Mzee aliingia chini ya gari na kurunzi, akatoka, akachukua karatasi ya boksi la plagi, akaigawa kwa kalamu sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vitu vinavyoweza kuua injini. Ya pili, vitu vinavyoweza kumwua mwenye gari: breki, boljointi, tairodi, tairi. Ya tatu, vya kusubiri: kioo cha mlango kinachopanda kwa kusuasua, bawaba za mlango wa nyuma zilizolegea kwa sababu ya uzito wa tairi la akiba linaloning'inia pale, taa iliyofubaa. "Gari nzuri hii," akasema. "Ila inadaiwa." Dalali alikuwa ametaja milioni 9 na nusu. Tuliipitia karatasi pamoja mstari kwa mstari, na bei ikashuka hadi milioni 8 na laki 4.

Wengi wetu tungeanza na ile sehemu ya tatu, kwa sababu ndiyo tunayoiona. Kuna magari mjini yenye rangi mpya, rimu mpya na redio ya skrini, huku rejeta ina maji ya bomba. Sisi tulianza na rejeta.

Tulipofungua tukakuta thermostati haipo. Fundi fulani wa siku zilizopita aliitoa na kuitupa, kwa imani iliyoenea mno katika gereji zetu kwamba nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ifike kwenye joto lake la kazi, kisha kuyafungulia kwa kipimo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, kompyuta yake inazidi kumwaga petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili inachafuka mapema. Kibaya zaidi, mara nyingi inakuwa imetolewa ili kuficha rejeta iliyoziba. Dawa yote ilinigharimu 340,000: rejeta mpya ya kopi nzuri 190,000, thermostati 45,000, kifuniko 15,000, kulanti 60,000 na ufundi 30,000. Niliona ni hela nyingi kwa kitu ambacho hakionekani, mpaka nilipopanda Kitonga.

Nilikuwa naelekea Iringa. Ukishaviacha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyopangwa kando ya barabara, mlima unaanza bila salamu: kona juu ya kona, malori yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na wewe huna nafasi ya kupita. Hapo ndipo mfumo wa kupoza unapoulizwa maswali yake yote. Kwenye kona moja yenye upana wa kuegesha nilikuta RAV4 kama yangu, rangi tu tofauti, boneti juu, madumu mawili ya maji yakiwa matupu pembeni. Nilisimama nikampa mwenyewe maji niliyokuwa nayo.

"Nimeshabadilisha rejeta, dada yangu," aliniambia. "Gasketi ya hedi mpya. Hedi imepelekwa kuplaniwa. Bado maji yanapotea, na chini hakuna hata tone. Sijui yanakwenda wapi."

Niliporudi Dar nilimsimulia mzee. Hakuhitaji kuliona gari. Hedi ya injini ile hukazwa kwa bolti 10 zinazoingia kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya bloku ya aluminiamu. Injini ikichemshwa mara kwa mara, nyuzi zile hulegea na kung'oka, hasa upande wa nyuma unaotazama kwenye kabini. Bolti inabaki mahali pake lakini haishiki. Maji yanapenya kidogo kidogo nyuma ya injini na kukaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajafika chini, ndiyo maana yule bwana hakuona tone. Unaweza kubadilisha gasketi kila mwezi, hedi ikapelekwa kwa planer mpaka ikawa nyembamba, na shida iko kwenye bloku. Tiba ni kushusha injini, kutoboa matundu upya na kuweka bushi za chuma zenye nyuzi zake, kazi inayotaka mtu makini na vipimo sahihi. Wengi huishia kununua injini nyingine ya kutoka Japani. Wakati ule injini ya namna hiyo niliambiwa ni milioni 2 na ushei, bado ufundi, na bado safari ya TRA, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Deni la rejeta la laki 3 na nusu, likiachwa, hulipwa kwa milioni 2 na nusu.

Upande wa mafuta ndiko D4 ilikopatia sifa yake mbaya. Katika injini za kawaida, nozeli hunyunyizia petroli kabla ya vali, na petroli ile huziosha vali inapopita. Katika D4, nozeli zinanyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo pana pampu mbili: moja ndani ya tangi, ya kawaida, na nyingine kwenye injini, inayosukumwa na kemshafti, ambayo hupandisha presha hadi megapaskali 8 na zaidi, mara ishirini au thelathini ya ile inayotoka kwenye tangi. Mpango huo unaokoa mafuta, lakini una mambo mawili ya kuangaliwa gari likizeeka. Sili ya pampu ya presha ikichoka, petroli huvuja kuingia kwenye oili. Ndiyo harufu tuliyoinusa pale Gerezani. Oili iliyochanganyika na petroli hupanda kwenye kijiti badala ya kushuka, na mwenye gari anafurahi kwamba injini yake haili oili, huku beringi na cheni ya taimingi zikipakwa kitu chepesi kisicholinda. Pampu ya mtumba niliipata Ilala kwa 320,000, tukamwaga oili yote siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni masizi. Kwa kuwa hakuna petroli inayopita kuosha, mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kwenye injini vinaganda kwenye njia za hewa na migongo ya vali. Mzee alipofungua manifoldi aliniita nitazame. Tundu ambalo lilipaswa kuingia vidole vitatu lilikuwa limebakiza nafasi ya kimoja. Kilichobaki ni ukoko mweusi, mgumu, unaong'aa kama lami iliyokauka. Vijana wake wawili walishinda hapo na brashi, vijiti vya mbao na dawa ya kuosha kabureta, wakizungusha injini kwa mkono ili vali za silinda wanayoisafisha ziwe zimefungwa, uchafu usije ukadondokea ndani. Gasketi na ufundi vilikuwa 180,000. Asubuhi iliyofuata gari liliwaka bila kutetemeka.

Naieleza kazi hiyo kwa urefu kwa sababu kabla yake gereji moja ya karibu na kwangu ilikuwa imenipa bei ya kubadilisha koili zote nne na nozeli zote nne. "Tubadilishe kwanza halafu tuone" ni sentensi ghali kuliko zote katika maisha ya gari kuukuu. Koili kupimwa hakuhitaji hata mashine: gari likimisi, hamisha koili ya silinda inayoshukiwa uipeleke kwenye silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, koili haina kosa, tafuta kwingine. Ni kazi ya spana moja namba 10 na dakika chache. Zangu hazikuwa na kosa.

Hata mashine ya kupimia inahitaji kusomwa kwa akili. Taa ya cheki injini iliwaka siku moja, kijana akachomeka kifaa chake, kikatoa P0171, akanihukumia sensa ya oksijeni, mpya, laki 2 na nusu. Lakini msimbo ule hautaji kifaa kilichokufa. Unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Imezidi kwa njia gani, hilo ni la fundi kutafuta. Mzee aliacha injini ikiunguruma akawa ananyunyizia dawa ya kabureta taratibu kando ya mipira ya hewa. Alipofika kwenye mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la chujio, mlio wa injini ukabadilika. Aliukunja kidogo, ufa ukafunguka kwenye moja ya mikunjo yake. Mpira mpya ulikuwa 40,000. Sensa ya oksijeni haikuwa na kosa, na ningeibadilisha bado taa ingerudi kesho yake.

Chini ya gari mambo ni ya polepole na hela zake zinatoka kidogo kidogo. Barabara zetu za ndani hazina huruma na stabilaiza linki, boljointi na bushi, na vyote hivyo vina umri wake. Kilichonishangaza ni nyuma. Tairi za nyuma zilikuwa zinalika upande wa ndani, na mtu wa wili alainimenti akaniambia haiwezekani kurekebisha: bolti za kurekebishia zimeshikana na bushi kwa kutu, hazizunguki. Gari lililoishi miaka kwenye chumvi wanayomwaga Wajapani barabarani wakati wa theluji, kisha likahamia kwenye hewa ya bahari, haliwezi kukosa jambo hilo. Tulizikata kwa grenda. Cheche ziliruka hadi kwenye meza ya muuza mihogo, mama wa watu akahamisha karai lake bila kusema neno, inaonekana amezoea. Tukaweka mikono mipya yenye bushi zake na bolti mpya. Pamoja na linki, boljointi na shokapu mbili za mbele, chini yote ilikula 780,000. Lakini tairi moja ya 215/70 R16 inayokubalika ilikuwa ikiuzwa laki 2 na zaidi. Seti moja ya tairi iliyoliwa upande ndiyo bei ya kazi yote ile, na seti hiyo ungeirudia kila mwaka.

Tairi zina deni jingine kwa gari linalovuta magurudumu yote. Mfumo wa RAV4 ile unagawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, na katikati pana kifaa chenye mafuta mazito kinachodhibiti tofauti ya mizunguko. Tairi za mbele zikiwa mpya na za nyuma zimekwisha, mizunguko haiwi sawa hata barabara ikiwa nyoofu, na kifaa kile kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinakufa. Utakijua kwa gari kung'ang'ania na kutoa kelele ukikata kona kali kwenye maegesho. Wapo wanaoondoa propela shafti ili kelele iishe. Kelele inaisha kweli, na mzigo wote unahamia kwenye kile kifaa cha katikati. Zile "tairi nne mpya" za dalali zilikuwa za kampuni mbili tofauti, jozi kwa jozi, nikaziuza na kununua seti moja.

Giaboksi nayo ina imani zake. Nilikuta haidroliki imekuwa nyeusi, na mafundi watatu wakanionya nisiiguse: ukibadilisha haidroliki ya zamani, gia zitaanza kuteleza. Onyo hilo lina chembe ya kweli, kwa sababu wengi huibadilisha giaboksi ikiwa imeshakufa, kisha wanalaumu haidroliki mpya. Mzee alichagua njia ya kati. Alimwaga kinachotoka kwa bolti ya chini, kama theluthi hivi ya yote, akarudishia Type T-IV inayotakiwa, nikaendesha wiki kadhaa, akarudia, na tena. Hakuna kusukuma kwa mashine, hakuna kuosha. Giaboksi ile ilidumu hadi siku naachana na gari.

Spea zenyewe ni elimu ya peke yake. Shauri Moyo pale Ilala utapata karibu kila kitu cha RAV4, kuanzia mlango mzima hadi klipu ya plastiki, na kwa kila kitu kuna mpya orijino, kuna kopi za daraja mbalimbali, na kuna mtumba uliong'olewa Japani. Kanuni yangu ikawa hii: chochote cha mpira kinunuliwe kipya, maana mpira wa mtumba una umri uleule wa unaoutoa. Chochote cha umeme au cha chuma kizito, kama jenereta, pampu, kompyuta au mlango, mtumba wa Japani mara nyingi ni bora kuliko kopi mpya. Breki sinunui kwa bei. Muuzaji akikupa kifaa cha mtumba atakipiga alama ya rangi, ili ukirudi kudai hakifanyi kazi asije akaletewa kile chako kibovu. Nawe piga picha alama hiyo mbele yake, mahusiano yatakuwa mazuri.

Halafu kuna cha juu. Fundi akienda mwenyewe kununua spea, bei inayokufikia ina kitu chake ndani. Watu wanalalamika sana kuhusu hilo, nami nimelitazama kwa muda mrefu nikaona mzizi wake. Tunamlipa fundi 20,000 kwa kazi ya nusu siku, tena kwa kubembeleza, kisha tunategemea aishi. Ataishi kwa spea. Na anayeishi kwa spea hana sababu ya kutafuta ufa kwenye mpira wa 40,000 wakati sensa ya laki 2 na nusu itamlipa vizuri zaidi. Nilipatana na mzee wa Gerezani kwamba kuchunguza tatizo kuna bei yake, hata kama mwisho wa uchunguzi hakuna cha kununua. Siku ya ule mpira nilimlipa zaidi ya bei ya mpira wenyewe. Hiyo ndiyo hela iliyonirudia kwa faida kubwa kuliko zote nilizotoa kwenye gari lile.

Kila senti niliiandika kwenye daftari lililokaa ndani ya dashibodi, pamoja na kilomita za siku hiyo. Mwaka wa kwanza matengenezo yalizidi milioni 3. Mwaka wa pili hayakufika milioni 1 na laki 2, na nyingi zilikuwa oili, chujio na pedi za breki, gharama ambazo hata gari jipya lingezidai. Jirani zangu waliokuwa wakinihesabia mwaka wa kwanza waliniambia niliuze haraka, gari hilo ni shimo. Walikuwa wakiangalia hela zinazotoka bila kuangalia zinalipa nini. Deni likishalipwa halirudi kesho, na gari lililomaliza madeni yake ndilo la kukaa nalo.

Swali la kuuza au kutengeneza wengi huliweka hivi: gari lina thamani ya milioni 8, matengenezo ni milioni 2, je, inafaa? Mimi naona mizani hiyo imekosewa upande mmoja. Ukiuza, hupati milioni 8 na amani. Unapata hela ya kununua gari jingine la milioni 8, lenye madeni ya watu wengine ambayo huyajui. Kwa hiyo linganisha milioni 2 unazozijua na gharama ya mwaka wa kwanza wa gari usilolijua. Kwa gari ambalo umeshalisafisha upande wa maji, mafuta na chini, karibu mara zote kutengeneza kunashinda. Mahali ambapo mizani inageuka ni bodi ikishaoza, au bloku ikishang'oka nyuzi huku giaboksi nayo inateleza. Hapo uza, na useme ukweli kwa nini unauza.

Vijana wengi kazini huniuliza kama wanunue gari la namna hii. Huwa nawauliza wana shilingi ngapi. Akijibu milioni 9, namwambia atafute gari la milioni 6, lililokaguliwa likiwa baridi, na milioni 3 zikae benki zikisubiri orodha ya fundi. Wengi hawapendi jibu hilo, kwa sababu gari la milioni 6 halina sura ya la milioni 9. Lakini aliyetumia zote 9 siku ya kwanza amejiweka pale pale alipokuwa yule mmiliki wa kwanza aliyetoka bandarini na hela ya petroli tu: ataahirisha, na madeni yatazidi kukua chini ya boneti mpaka mtu wa nne ayakute.